Sauti ya Mzee na Mashine Mpya

Mzee wangu ni msagaji wa unga. Aliingia kwenye kile kinu nikiwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni, na leo mtoto huyo ni mama wa watu. Mchana anamimina nafaka; jioni anakung'uta unga kwenye nyusi na kuchukua gitaa. Anapiga roki, ile ya gitaa la umeme na makelele. Wenzangu huniuliza, bibi, unavumiliaje? Nawajibu kwamba mume unaolewa naye pamoja na kelele zake.

Bendi yao ni ya watu watatu. Mzee anapiga gitaa na kuimba, rafiki yake kinyozi anapiga besi na kuitikia, na fundi viatu yuko kwenye ngoma. Hakuna hata mmoja aliyeacha kazi yake, maana muziki wao haujaezeka paa la mtu.

Mazoezi wanafanyia kwenye stoo ya kinu, na wana desturi yao. Kabla ya kuanza, mzee anawasha mashine tupu, bila nafaka. Ikishakolea inatoa mlio mmoja usiotetereka. Basi anakaza uzi mnene wa gitaa mpaka ulie sawa na mashine, na nyuzi nyingine anazifuatisha huo. Kinyozi naye anafuata. Walianza hivyo ujanani kwa kukosa kifaa cha kulinganishia nyuzi. Vifaa vikaja, wao wakabaki na mashine. Wanasema mashine haina upendeleo.

Sasa, kuna wimbo mmoja alioutunga mzee mwenyewe, na kila waendako watu wanaudai. Mwishoni sauti inapanda juu sana. Zamani aliipandisha kama paka anavyopanda ukuta. Mwaka huu akifika pale sauti inakatika, anakohoa, anajifanya amepaliwa.

Kinyozi akamwambia siku moja nyumbani kwetu, chai ikiwa mkononi, "Ndugu yangu, umepaliwa mara nyingi mno. Tutafute kijana aimbe, wewe upige gitaa tu."

"Nisipoimba, gitaa nalo natundika."

"Shemeji, msikie mtu wako."

"Namsikia kila siku," nikasema. "Wewe ndiye mgeni."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: Jumamosi kuna onyesho ukumbini. Akifika juu bila kukatika, ataendelea kuimba. Akikatika, analetwa kijana. Fundi viatu, mtu asiyependa maneno, akasema sawa.

Nilijua mzee hatanii. Gitaa angelitundika kweli, na mimi ningebaki ndani na mwanamume aliyenuna mpaka kaburini.

Wiki hiyohiyo mwenye kinu akaleta mashine mpya. Ile kuukuu ikatolewa nje kama mzoga. Jioni wakafanya mazoezi kama kawaida, na mzee akaimba mpaka juu, safi. Kesho yake tena, safi. Akarudi nyumbani kifua mbele.

"Ng'ombe hazeeki maini," akaniambia. "Ni ile tangawizi yako ya kwenye chai."

Nikazidi kumtwangia tangawizi. Hata kinyozi akaomba apelekewe kidogo.

Jumamosi mchana wakaenda ukumbini kujaribu vyombo, na mimi nikafuata na mashati yao yaliyopigwa pasi. Mwenye ukumbi alikuwa amewaletea mpiga kinanda cha umeme awasindikize, binti mpole anayefundisha muziki shuleni. Wakaanza ule wimbo. Lo! Kama paka wawili ndani ya gunia moja. Wakasimama, wakaanza tena, yakawa yaleyale.

"Kinanda chako kibovu," kinyozi akasema.

"Hapana, baba," binti akajibu kwa adabu. "Kinanda hakikazwi wala hakilegezwi. Ninyi ndio mko chini. Mmelinganisha na nini?"

Wakatazamana. Fundi viatu ndiye aliyefungua kinywa. "Mashine mpya."

Mpya ilikuwa inanguruma chini kuliko ile ya zamani, nao wakaifuata wote kama kondoo. Wimbo mzima ulikuwa umeshuka, na pale juu pa mzee pameshuka nao.

Kinyozi akacheka mpaka akashika nguzo. Mzee hakucheka. Alichomoa waya wa gitaa, akaanza kuukunja.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Sauti haikurudi. Nilikuwa nadanganywa na mashine."

"Kukatika umekatika?"

"Sikukatika, lakini—"

"Mimi magauni yangu nimeyapanua mara ngapi? Umewahi kusikia nikiacha kwenda harusini kwa sababu lile la usichanani halinitoshi?"

Kinyozi akafuta machozi ya kicheko. "Ndugu yangu, tulisema usikatike. Hatukusema kimo."

"Hiyo ni kuwadanganya watu. Wanaujua wimbo ulivyo."

"Basi waambie," nikasema.

Akaukunjua waya. Kisha akamgeukia yule binti. "Unaweza kutufuata huku chini?"

"Naweza, babu. Nabonyeza kitufe tu, kinashuka chenyewe."

Watu walipojaa, mzee akashika maikrofoni. Akasema, "Ule wimbo tumeushusha. Mkiona umekaa chini, si vyombo. Ni mimi nimezeeka."

Halafu mwanamke mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Shusha tu, baba, hata sisi tumeshuka!" Watu wakacheka, na mzee akacheka, akaanza. Alifika juu bila kukatika. Hapakuwa juu kama pa zamani, na kila mtu alijua, na wakaitikia naye.

Waliposhuka jukwaani, kinyozi akamvuta mzee pembeni, karibu na nilipokaa.

"Na ule wimbo wa pili," akanong'ona, "tuushushe pia."

"Ule naumudu."

"Wewe unaumudu. Mimi nina miaka naitikia kwa kufumbua mdomo tu."