Redio Anayoweza Kuiwasha Baba

Baba yangu haoni, kwa hiyo umeme ukikatika hutucheka. "Leo nanyi mmekuwa wenzangu," husema, huku sisi tukipapasa kutafuta mshumaa. Mwaka jana hakucheka. Umeme ulikatika mchana, mimi nikiwa kazini kwa dobi, na redio yake ya ukutani ikanyamaza katikati ya tangazo. Bwawa la juu lilikuwa limejaa na milango yake ilikuwa inafunguliwa. Majirani walikimbia, kila mmoja akidhani mwenzake amemchukua mzee. Nilimkuta amesimama juu ya kitanda, maji yamefika kwenye godoro, akimwita marehemu mama.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mvua za mwaka huu zilipoanza kunguruma huko milimani, niliomba ruhusa kazini nikaenda kununua redio isiyotegemea umeme wa ukutani.

Duka lilikuwa refu na jembamba kama ujia. Muuzaji, mtu mcheshi mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliniwekea redio mbili mezani.

"Dada, hii nyekundu ndiyo mwisho wa matatizo. Ina kioo, ina tochi, ina king'ora, inachaji simu. Imebaki kupika tu."

"Na hii nyeusi?"

Aliisukuma kwa kidole kimoja. "Hiyo ni ya kuzungusha kwa mkono. Unasaga ndipo iseme."

Macho yangu yalikuwa yameshachagua ile nyekundu. Ilikuwa nyepesi na inang'aa, na mkono ulikuwa tayari kwenye mkoba. Halafu nikajiuliza, Baba ataiona wapi hiyo tochi? Nikafumba macho.

"Unasali, dada?"

"Nasali, na ninaijaribu pia. Subiri kidogo."

Nilipapasa. Uso wa ile nyekundu ulikuwa laini kama sahani, vitufe vyote bapa na vyote sawa. Niligusa kimoja, king'ora kikalia, nusura niiangushe. Nikaishika nyeusi. Ilikuwa nzito. Mpini ulikunjuka ubavuni, swichi ikalia "ta", na gurudumu la kutafutia stesheni lilikuwa na meno ambayo kidole kinayahesabu. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, imejaa mikwaruzo.

Sikujua la kufanya. Nilimwomba Mungu anionyeshe, kwa sababu nikikosea pale dukani, atakayezama si mimi.

Ndipo umeme ukakatika.

Feni ilipunguza mwendo ikasimama. Duka likawa jeusi hadi mlangoni. Muuzaji alibonyeza ile nyekundu, ikakaa kimya. Akabonyeza tena.

"Inatakiwa ichajiwe kwanza," alisema, na ucheshi wote umemtoka.

Nikaanza kuzungusha ile nyeusi, naye akaivuta antena yake. Mikwaruzo, kisha sauti ya mwanamke: "...milango ya bwawa inafunguliwa sasa. Wakazi wa mitaa ya chini wahame mara moja..."

Sisi ni wa mtaa wa chini.

Nilimwachia muuzaji noti zote nilizoshika, nikatumbukiza redio mkobani na kukimbia. Simu ya jirani haikupatikana, mtandao ulikuwa umekwenda na umeme. Nilikimbia nikisema, "Ee Mungu, usimwache peke yake tena," nikajikwaa, nikainuka, nikasema tena. Mifereji ilikuwa imejaa maji mekundu, na hapo kwetu mvua ilikuwa haijanyesha hata tone.

Mlangoni nilimkuta jirani yetu, fundi viatu, godoro kichwani.

"Mzee amekataa! Nimembembeleza mpaka koo limekauka."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini. "Sitoki kwa kelele za mtaani," alisema. "Mwezi uliopita mlipiga kelele hivihivi, mkaniburuta, nikang'oka jino. Maji yalikuwa wapi? Hata ya kusukutulia hayakuwepo."

"Baba, safari hii nimesikia mwenyewe redioni."

"Wewe ukiogopa unasikia hata mti ukizungumza."

"Mzee, yameshafika kwa muuza mkaa!" fundi viatu alipiga kelele.

Nilitoa redio nikaizungusha kwa nguvu zangu zote. Mikwaruzo tu. Nikageuza gurudumu huku na huku, na bado ilikuwa mikwaruzo. Machozi yalianza kunitoka. Nilijiona nimechagua vibaya, na utepe mwembamba wa maji ulikuwa unaingia chini ya mlango.

"Lete hapa," Baba alisema. "Unaikamua kama shuka."

Aliipapasa mara moja, juu, ubavuni, nyuma. Akavuta antena, ambayo mimi nilikuwa nimeisahau, akaivuta mpaka mwisho. Akazungusha mpini taratibu. Kidole chake kilisogeza gurudumu jino moja, jingine, jingine, na sauti ya yule mwanamke ikaingia chumbani kama mtu aliyebisha hodi.

"...daraja la chini limeshafunikwa na maji. Msipite darajani. Tumieni barabara ya shule..."

Baba aliinua uso. "Mlitaka kunipitisha wapi?"

"Darajani," alisema fundi viatu kwa sauti ya chini.

Baba alisimama. "Nipeni viatu. Na fimbo."

Nje maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, baridi, yanavuta. Baba aliibana redio kwapani akaendelea kuzungusha, mimi nimemshika kiwiko, fimbo yake mkononi mwangu. Watu waliokuwa wakielekea darajani na mabegi na kuku walisikia ile sauti, wakageuka kutufuata.

"Mzee, anasemaje?"

"Nyamazeni asome," Baba alisema.

Yule mwanamke wa redioni alikuwa anasoma majina ya mitaa, moja moja. Nyuma yetu kitu kizito kilianguka ndani ya maji, ukuta au mti, sikugeuka. Nikaanza kuomba kwa sauti, kama ninavyoomba kila siku: "Ee Mungu wetu, wewe uliyetutoa mwaka jana..."

"Mwanangu," Baba alisema, bila kuacha kuzungusha, "mwombe kimoyomoyo. Nataka kusikia."

Nikafunga mdomo, nikamwomba kimoyomoyo, na tukaendelea kupanda barabara ya shule.