Pikapu Isiyotikisa

Khamphan alivua kandambili, akapanda nyuma ya pikapu ya kijivu na kulala chali juu ya bati tupu. Nyonga yake ya kulia aliiweka pale ambapo nyonga ya mkewe ingekuja kukaa.

"Haya, endesha," alisema.

Suriya, muuza magari, alibaki amesimama na funguo mkononi. "Mjomba, wenzako wanajaribu gari wakiwa wameshika usukani."

"Wenzangu watakaa mbele. Pita njia ya kiwanda cha sukari."

"Ile? Malori ya miwa yameshaimaliza ile."

"Ndiyo hiyohiyo."

Suriya alikuwa mtu wa maneno. Hata akiwa anaendesha alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti juu ya upepo: injini haichoki mlimani, breki hazitelezi kwenye mvua, kona inakata yenyewe, mifuko ya hewa imejaa kila upande. Khamphan kule nyuma alikuwa anasikiliza springi tu. Shimo la kwanza lilimpiga mgongoni kama teke. La pili lilimrusha, akatua kwa kiwiko.

Waliposimama aliuliza, "Hiyo mifuko ya hewa, huku nyuma ipo?"

"Huku nyuma ni pa mizigo, mjomba."

Khamphan akavaa kandambili zake.

Mzigo wenyewe ulikuwa Phikun, mkewe. Saratani ilikuwa imeingia kwenye nyonga na uti wa mgongo, na hospitali ya Kalasin ilishamrudisha nyumbani na vidonge. Kukaa hawezi. Kulala tu, tena upande mmoja. Kitu alichotaka kilikuwa kimoja: kufika kwa mama yake, kwenye nyumba ya mbao kando ya Mto Khong, alale kwenye chumba alichozaliwa. Ni safari ya nusu siku kwa mtu mzima wa afya. Pikapu yao ya zamani ilikuwa na shokapu zilizokufa, na kila ilipompeleka hospitali alirudi na midomo yenye alama za meno.

"Twende na hii hii yetu," Phikun alimwambia. "Nitalia, basi. Mama ashanisikia nikilia tangu nazaliwa."

"Hapana. Natafuta gari."

"Unatafuta gari au unatafuta mke mwingine? Kila siku yadi, kila siku yadi."

"Mke mwingine nani atanitaka na upara huu."

"Hapo umesema kweli," Phikun alisema, akacheka kidogo, na kucheka kwenyewe kukamuuma.

Kwa hiyo alilala kwenye kila pikapu ya yadi ya Suriya. Nyekundu ilikuwa laini, lakini kwenye kona iliyumba kama mlevi na mwili wote ukateleza upande. Nyeusi ilitulia vizuri kwenye kona, ila springi zake ngumu kama reli. Kulikuwa na nyeupe moja, ndefu, injini kubwa kuliko zote. Hiyo hakuigusa. Phikun alizaliwa Jumanne, na nyeupe kwa mtu wa Jumanne ni mkosi. Akarudi nyumbani, akangoja magari mengine yaletwe yadi. Siku zikapita.

Mwisho akaiazima ile ya kijivu, akaacha yake pale kama rehani. Akatandika magodoro mawili nyuma, yeye na dada yake Samran wakambeba Phikun kwa shuka. Alitaka kumjaribisha mpaka darajani, mwisho wa kijiji, halafu warudi. Akafungua kidirisha cha nyuma ili amsikie.

"Shimo, Phikun."

"Nimeliona kwa mgongo."

"Kona inakuja. Shoto."

"Endesha, mzee. Unapiga kelele kama muuza samaki."

Baadaye akanyamaza. Khamphan akaendelea kuita mashimo na hakuna aliyejibu. Darajani aliposimama na kugeuka, Phikun alikuwa ameuma kitambaa, jasho limemjaa kwenye nyusi. Samran akatikisa kichwa.

"Turudi," Khamphan alisema.

"Usirudi," Phikun alisema kupitia kitambaa. "Tushaanza safari. Endelea tu."

Alirudi.

Nyumbani walimlaza, Samran akamlisha uji, na Phikun akageuza uso ukutani. Halafu akasema, bila kumwangalia mtu, "Unakumbuka mwaka ule tulipobeba mpunga wote kwa safari moja? Nililala juu ya magunia. Nilisinzia mpaka kinuni."

Khamphan alisimama pale na bakuli la uji mkononi. Kila dereva wa pikapu anajua. Tupu inaruka kama mbuzi. Ukiipa mzigo, springi zinakaa, gari linatulia. Yeye mwenyewe amebeba miwa na mpunga tangu ujana. Siku zote hizi alikuwa akilala kwenye mabati matupu.

Basi ilitakiwa injini ya kubeba magunia. Ikabaki ile nyeupe.

"Ila nyeupe hiyo," alimwambia Suriya. "Mke wangu ni wa Jumanne."

"Mjomba, kwa hilo usihangaike." Suriya alifungua droo, akatoa stika na kuibandika juu ya kioo cha nyuma. Maandishi makubwa: GARI HILI NI LA PINKI. "Unaona? Pinki hiyo, rangi ya bahati ya Jumanne."

Jioni Phikun aliposimuliwa alisema, "Sasa na wewe bandika kwenye kichwa: hapa pana nywele."

"Kesho asubuhi tunaondoka," Khamphan alisema. "Nimeshampigia mama."

"Kesho," Phikun alisema. Akamshika kidole gumba, akakishikilia mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi Khamphan alikuwa ghalani anaipakia ile nyeupe. Aliyapanga magunia ya mpunga chini, kisha akayapanda na kuyakanyaga kwa magoti mpaka bodi ikashuka na matairi yakatanuka. Akalala juu yake. Akamwambia jirani aendeshe kidogo, apite kwenye mashimo makusudi. Gari lilipita kama mtumbwi. Akashuka akitabasamu, akaamua aongeze gunia moja upande wa nyonga.

Samran alikuja kwa miguu. Hakukimbia. Khamphan alipoona hakimbii, aliliachia gunia.

"Ameuliza kama gari limefika," Samran alisema. "Nikamwambia liko ghalani, linapakiwa. Akasema, mzee yule, bado anachagua tu." Akajifuta uso kwa kanga. "Halafu basi, kaka."

Walimpeleka hivyohivyo. Jeneza liliwekwa juu ya magunia, na Samran akakaa pembeni yake na udi mkononi. Kila daraja na kila kona alimwita kwa jina, kama inavyofanywa, roho isije ikapotea njia.

"Wifi Phikun, tunavuka daraja. Vuka na sisi."

"Wifi Phikun, tunakata kulia."

Na mbele, kupitia kidirisha, sauti ya Khamphan: "Shimo, Phikun." Muda mfupi tena: "Shimo." Samran alitaka kumwambia kwamba mashimo hayaitwi, ni madaraja na kona tu. Hakumwambia. Gari lilikwenda kimya. Jeneza halikusogea.

Mama yake Phikun alikuwa amesimama mlangoni, mdogo, amevaa nyeusi. Alitia mkono juu ya jeneza, kisha juu ya gunia.

"Barabara ilimuumiza?"

"Hapana, mama."

"Afadhali." Akaangalia ndani ya nyumba. "Nilitandika kitanda tangu siku ya kwanza alipopiga simu. Nikawa nakung'uta mashuka kila asubuhi. Mbona mlichelewa?"

Khamphan alipanda nyuma kulishusha jeneza.

Mpunga ulikobolewa, ukaliwa na waombolezaji. Phikun alichomwa hekaluni, majivu yakaingia Mto Khong. Samran alitangulia na basi kwa ajili ya ng'ombe wake. Khamphan akarudi peke yake na pikapu tupu.

Ilirukaruka njia nzima, bodi ikigonga kama ngoma. Karibu na nyumbani, kwenye lile daraja la mwisho wa kijiji, akaweka gari pembeni na kuzima injini. Alivua kandambili, akapanda nyuma, akalala chali juu ya bati, nyonga ya kulia mahali pake. Hakukuwa na mtu wa kumwambia aendeshe. Punje za mpunga zilikuwa zimebaki kwenye mifereji ya bati. Kila lori la miwa lilipopita, daraja lilitetemeka, na punje zikaruka kidogo karibu na sikio lake, zikatulia, zikangoja lori jingine.