Ushuhuda wa Dambo la Chumvi

Mtu akifurahi sana, heri anyamaze. Éphraïm Kalenga hakunyamaza.

Alikuwa fundi wa mashine katika karakana za kampuni ya migodi kule Panda, siku zile ambazo mashine zilikuwa zimelala na mshahara umekuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Jumamosi ikifika, wenzake walikwenda kulima mihogo. Yeye alipanda baiskeli akashika njia ya Mulungwishi mpaka kwenye dambo, bonde la majimaji ambalo maji yake yana chumvi, na jua likiwaka majani yake huota unga mweupe. Havui, hawindi. Anakaa juu ya ndoo anaangalia ndege, basi. Mwalimu mmoja wa misheni alimwambia kwamba ukingoni mwa bahari kuna mabonde ya namna hiyo, ya chumvi na ukimya. Kalenga hakuwahi kuiona bahari, akaamua kwamba hili ndilo fungu lake. Majirani walimwona amepungukiwa. Hao hao wangelala usingizi wake usiku mmoja tu, wangemwomba ndoo.

Mwaka ule korongo taji wawili walijenga kiota katikati ya majani. Walipoanza kulalia mayai, Kalenga alishikwa na furaha ya mtu anayengoja mjukuu. Alitaka jambo moja tu, kuona vifaranga vikitoka.

Sasa, katika kanisa lao la maombi, mwenye neema asiyeisema ni mwizi wa utukufu wa Mungu. Jumapili, saa ya ushuhuda, Kalenga akasimama. Akaeleza njia yote, kijito cha kuvuka, majani yaliyomwachia viatu vyeupe, weupe alioulamba akakuta ni chumvi hasa, kisha ndege na kiota chao. Akalia kidogo. Akina mama waliitikia amina kwa nguvu ambayo hakuwahi kuisikia, naye, maskini, akadhani ni kwa ajili ya korongo.

Madukani chumvi ilikuwa imekwisha kitambo. Sombe, majani ya mihogo, yalipikwa chapwa na kuliwa kwa kununa.

Jumamosi iliyofuata aliona moshi kabla hajafika. Dambo lilikuwa limefyekwa. Majani yaliyokaushwa yalichomwa marundo marundo, majivu yamejazwa vikapuni, maji yakimwagwa juu yake na kuchuruzika kwenye sufuria, kisha yakichemshwa mpaka chumvi ibaki chini, kama walivyofanya mabibi kabla ya maduka kuja. Wenye kazi hiyo ni akina mama wa kanisa lake, wanaimba. Kati yao ni Henriette, mkewe, ambaye wiki nzima aliaga kwamba anakwenda shamba. Kalenga aliiacha baiskeli ianguke.

“Papa Kalenga,” aliita Mama Clotilde, mkubwa wa akina mama, “Bwana akubariki. Bila ushuhuda yako tungekuwa tunakula sombe bule mpaka leo.”

“Kiota iko wapi?”

“Kiota gani?”

“Ya korongo. Pale mu katikati.”

Nyimbo zikakatika. Henriette alifuta mikono kwenye kitenge chake, akamwita kwa jina la binti yao kama alivyozoea.

“Papa Princesse, hatukujua. Bote tulizania ile ndege ni mufano, mambo ya roho.” Akaonyesha chumvi sufuriani. “Munyu njo tulisikia ni ya kweli.”

Kalenga aligeuka kutazama. Ng'ambo ya majivu korongo wale wawili walikuwa wamesimama bila kulia, wakitazama mahali pasipo na kitu.

“Mayayi ilikuwa mbili,” Henriette alisema polepole. “Tulichemsha mu maji ya munyu. Miye sikukula, hakuna mwenye alikula. Tulisema ni ya mwenye ushuhuda.”

Akamnyooshea sahani. Akina mama, ambao mashavu yao yalikuwa yamebonyea kwa njaa, walimtazama kwa upendo. Alitaka kuitupa sahani ile. Alitaka kuwalaani wote, kwa majina. Lakini tangu jana hakuwa ametia kitu kinywani zaidi ya chai kavu, na mkono wake ukatangulia.

Aliuma la kwanza machozi yakimtiririka. Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu mno, na utamu huo ndio uliomshtua kuliko moto wote ule.

“Unipe na ile ingine,” akasema.