Hatua Arobaini na Mbili kutoka Mlingotini

Mzee Ramani hakuwahi kuchora ramani hata moja maishani mwake. Jina hilo alipewa kwa sababu kila bomba na kila waya uliolala chini ya uwanja ule wa ndege ulikuwa kichwani mwake, na kichwa hicho alikilinda kuliko wengine wanavyolinda dhahabu. Michoro ya zamani ililiwa na mchwa stoo. Mara tatu wakubwa walimwomba akae na karani, amtajie, wachore mipya. Mara tatu mgongo wake uliuma ghafla. Hakuwa mjinga. Fundi bomba wa miaka sitini na tatu, siri zake zote zikishaandikwa karatasini, wa kazi gani tena?

Upanuzi ulipoanza, akawa mfalme. Jengo jipya la abiria lilikuwa linapanda, njia ya mabasi inahamishwa, na chini ya maegesho ya zamani inachimbwa stesheni ya treni ya kuwafikisha wasafiri mjini kwa dakika kumi na nane. Hakuna shimo lililochimbwa bila yeye kuitwa. Alikuja na ndoo yake ya chokaa, akasimama penye alama anayoijua, akahesabu hatua, akamwaga mstari mweupe. Mtambo ulichimba ng'ambo ya mstari, bila wasiwasi. Mara kumi na tano alihesabu, mara kumi na tano akapatia, na kila mara wakamsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini siku hizo nani angethubutu kumwambia?

Dereva wa katapila alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekifuta kioo cha mtambo wake kila asubuhi kama anayempangusa mtoto uso. Alimwita mzee "baba", na katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumbishia, hata kama ubishi ulikuwa juu ya mvua itanyesha au haitanyesha. Wenzake walimtania: "Wewe huendeshi katapila, baba mkwe ndiye anakuendesha wewe." Alicheka, akapanda juu, akaendelea na kazi.

Asubuhi ya siku ile walitaka kujua unapopita waya mkubwa wa umeme, mnene kama paja. Mzee alijua. Unasimama kwenye mlingoti wa bendera, unaelekea kwenye uzio, unahesabu hatua arobaini na mbili, na hapo unakuta kifuniko cha zege. Waya uko chini yake. Akahesabu. Hatua ya arobaini na mbili ikamkuta juu ya lami mpya, tupu, hakuna kifuniko wala dalili yake.

Akageuka kutazama mnara wa kuongozea ndege. Miaka yote, akisimama pale, mnara huwa begani kwake kushoto. Leo ulikuwa umemkalia mbele zaidi, si mahali pake. Lakini watu walikuwa wanamtazama: mhandisi, msimamizi, vibarua kumi na wawili, na mkwewe juu ya katapila. Akajiambia kwamba kifuniko kimezikwa na lami, watu wa siku hizi hawana adabu, wanafunika kila kitu. Akamwaga chokaa.

Mhandisi, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi, alikuwa na kifaa cha magurudumu cha kutafuta nyaya ardhini. Alikisukuma juu ya mstari, kikanyamaza. Akakipeleka mbele, hatua kama kumi hivi, kikalia.

"Mzee, hiki kinasema waya uko huku."

"Si ndicho hichohicho juzi kilituonyesha bomba, tukachimba tukakuta ndoo mbovu?"

Watu wakaangua kicheko. Mhandisi hakucheka. "Basi tuchimbe kwanza kwa mikono, shimo dogo tu, tuhakikishe."

"Siku mbili hizo," msimamizi akaguna. "Na wakubwa wanakuja kukagua keshokutwa."

Mhandisi akamgeukia dereva, akamnyooshea fomu. "Wewe ndiye unayechimba. Hapa unatia sahihi kwamba umeona kifaa kimesema nini. Ukitaka tusubiri, tunasubiri. Unasemaje?"

Mkwe alitazama kifaa, akatazama mstari, kisha akamtazama mzee. Alikuwa anauliza, na mzee aliielewa ile namna ya kuuliza. Neno moja tu lilitakiwa: ngoja. Wangemcheka kidogo, yangeisha. Mzee akainama, akaanza kujikung'uta chokaa vidoleni.

"Baba hakosei," mkwe akasema, akatia sahihi.

Injini ikawashwa. Mzee akasogea mpaka kwenye ngazi ya katapila, na mkwe akainamisha sikio, maana kelele zilikuwa nyingi. Wote waliona mdomo wa mzee ukitikisika. Hakuna aliyesikia alichosema.

"Chimba tu, mwanangu," alisema.

Kijiko cha katapila kilizama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne kukatokea mlipuko, na mwanga uliowafanya watu wafunike nyuso. Nusu ya jengo la abiria ikaingia giza mchana kweupe. Katapila ikashika moto. Madereva wote hufundishwa: mtambo ukigusa umeme, kaa humohumo, ikibidi kutoka, ruka mbali, miguu pamoja. Lakini moto ulikuwa umeshafika kwenye kiti. Alishuka kama alivyoshuka kila siku, mkono umeshika chuma, mguu mmoja ukagusa udongo. Akafia palepale. Mzee alitaka kumkimbilia, vibarua wanne wakamkamata, wakamkalisha chini.

Siku ya mazishi, wakirudi kutoka makaburini, mtunza bustani wa uwanja alikuwa ubavuni mwake akipiga soga za kumliwaza. "Kwani hukujua, mzee? Ule mlingoti waliusogeza nyuma hatua kumi na moja, kupisha njia ya mabasi. Ah, ndiyo, ulikuwa likizo, mwaka jana ulipofiwa na mama watoto." Mzee aliendelea kutembea. Hatua kumi na moja. Alizihesabu kimoyomoyo barabarani, akaona zilivyo chache.

Wiki mbili baadaye aliitwa mbele ya kamati. Ilikuwa meza ndefu, watu watatu, na fomu yenye sahihi ya marehemu ndani ya plastiki.

"Mzee, pole sana," alisema mwenyekiti, na hakuwa mtu mbaya. "Tunajua kifaa kilionya. Tunajua dereva aliona, akatia sahihi. Mstari wa mtu unaweza kukosea, ndiyo maana kuna kifaa. Tunalotaka kujua ni hili: watu walikuona ukimsogelea kabla hajaanza. Ulimwambia nini?"

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi mbele yake, nao ulikuwa mmoja tu. Mzee aliwaza kazi yake, akawaza jina lake, akamwaza binti yake akijua. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Angeweza kubeba lolote, ila si macho ya mwanawe.

"Nilimwambia angoje," akasema.

Mwandishi wa kamati akaandika.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa na urefu wa siku tano, na iliishia sebuleni kwake, Jumamosi asubuhi, watoto wakicheza uani. Binti yake, ambaye tangu msiba alikuwa amerudi kuishi naye, aliingia na barua ya kamati mkononi. Macho yalikuwa yamevimba. Hakukaa kwenye kiti. Mzee alijua kwamba ameshajua, na karibu ashukuru.

"Baba, wameandika ulimwambia angoje, akakukaidi."

Mzee aliitazama barua.

"Miaka tisa hakukukatalia neno. Sijui siku ile alipatwa na nini." Binti akapiga magoti sakafuni, akaishika mikono ya baba yake, yote miwili. "Amekudharau mbele ya watu, baba, na ameniachia watoto kwa ukaidi wake. Nina hasira naye, siwezi hata kwenda kaburini. Lakini hayupo wa kujiombea, nimekuja kumwombea mimi. Msamehe, baba. Asilale huko na kinyongo chako."

Uani mtoto mmoja alimwita mama yake, akaitikiwa na mwenzake. Mzee Ramani alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga, mlingoti na kifuniko na mnara na chokaa. Akautazama uso wa binti yake uliokuwa ukimsubiri.

"Nimemsamehe," akasema.