Milango ya Kijani ya Fundi

Mchana huo fundi wa nguo alikuwa anapachika zipu kwenye sketi ya shule pale mlango mwingine ulipotokeza ukutani, kati ya meza ya pasi na kioo cha wateja. Ulikuwa wa kijani kama ule wake wa mbele, na komeo limelegea vilevile. Akaingia mwanamume mwenye mkoba wa dawa za kupunguza tumbo.

"Hodi, dada. Nimeona maelekezo yako mtandaoni."

"Karibu," alisema fundi, pini zikiwa mdomoni. Angesema nini?

Ya kujitakia hayana pole. Walipomaliza kumzika mama yao, yeye na mdogo wake waligombana, naye akamwambia: "Toka, sitaki kuona mtu nyumbani kwangu." Mdogo mtu akatoka kweli, akabadilisha na namba. Baadaye fundi naye akahama. Alichojua tu ni kwamba mdogo wake hupenda kusoma jukwaa moja la washonaji mtandaoni. Basi akaandika huko, mbele ya kadamnasi: Mdogo wangu, nisamehe, njoo. Akaweka namba ya simu, mtaa, na maelekezo: nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani.

Tangu hapo, kila aliyenakili maelekezo alipata mlango wake. Wakaja wauza viwanja, wakaja wachumba, akaja na mmoja aliyesema fundi ameshinda gari, alipie usajili tu. Jirani yake seremala alileta mbao, akaziba mlango mmoja, ukafunguka mwingine jikoni.

"Fundi mwenzangu, lifute hilo tangazo."

"Wenye jukwaa wamesema likishasomwa ni la wasomaji. Halafu hata wakilifuta, mdogo wangu atanipatia wapi?"

Seremala akakusanya misumari yake, akaenda zake.

Jioni hiyo mchumba mmoja, king'ang'anizi aliyekuwa ameshazoea benchi la wateja, akakumbuka jambo.

"Ulipokwenda kununua nyuzi alikuja mwanamke, mmefanana mpaka mwanya. Akasimama nje anatazama milango. Akauliza wa fundi ni upi. Nikamwambia yote."

Fundi akasimamisha cherehani. "Kisha?"

"Akauliza nyumba ya nani. Nikamwambia ya watu wote, ingia tu. Akasema basi, amekosea. Eti dada yake hapendi watu nyumbani."

Fundi akalia, bila kelele, akajifuta kwa sketi ya mtoto wa watu. Mchumba akasogea kwenye benchi kumpisha muuza dawa akae.

Alipotulia, alichukua simu akaandika palepale jukwaani: Hukukosea. Ni hapahapa. Akarudia maelekezo, akaongeza na namba ya pili, isije ile ya kwanza ikawa inatumika.

Kabla hajaiweka simu chini, mlango wa kijani ulifunguka chumbani, juu ya kitanda chake.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamume.

"Karibu," alisema fundi, akavuta taa karibu na zipu.