Sahani Tatu

…na bonge lingine hilo, naliona, kubwa kama yai, na yeye anazungusha mwiko polepole kama anakoroga dawa, bukari itaharibika, ugali wetu huu, unga mzuri wa posho ya kampuni, na mikono yangu nimeikalia, maana Mama Albertine wa hospitali alisema usimnyang'anye mwiko, kazi aliyoianza aimalize mwenyewe, nami nikafikiri, hospitali gani hii, mdogo wangu Bibiane ana miaka kumi na sita na mikono kama mabua, hataki kula, na dawa yao ni kupika? nilitaka sindano, nilitaka vitamini, wakatuonyesha chumba chenye meza na mbabula, jiko la mkaa, wiki tatu yeye na wagonjwa wenzake wanachambua maharagwe, wanaosha sombe, majani ya muhogo, wanapanga meza, mikono izoee chakula kwanza, anasema, mdomo utafuata… utafuata lini, mkaa unakwisha… "Mama Julie!" huyo jirani, Mama Hortense, juu ya ukuta, hakosi, "mungali munabembeleza ule mutoto? Mupige makofi mbili, utaona vile atakula!" nisimjibu, ananiudhi, lakini ndiye aliyeiacha sombe mlangoni asubuhi, imetwangwa tayari, bila hata kugonga… "Yaya, niongeze maji?" Bibiane ananiuliza, dada yake mkubwa, na mimi mdomo umeshafunguka kusema lete hapa, nikaufunga, "Weye unaonaje?" kama nilivyofundishwa, akaitazama sufuria, akamwaga kidogo, kidogo mno, Mungu wangu… juzi nilimsukumia tonge mdomoni, ndiyo, nilifanya, kama ninavyomfanyia mwanangu Julie wa mwaka mmoja, akalitema, akalia, nikalia, na wiki tatu za maharagwe zikamwagika, Mama Albertine hakunigombeza, alinivutia kiti, akauliza tu, "Na weye, mama, unakulaka saa ngapi?" ikanichoma, mimi si mgonjwa, nikamwambia ninakula jikoni, nikipika… king'ora cha kiwanda hicho, mume wangu Firmin anatoka kazini, atakuta mabonge, atayala bila neno, ndivyo alivyo, na meza je, Bibiane ameipanga mwenyewe, zamani sote tulikula sahani moja, nani aone mkono wa nani haukufika, sasa kila mtu na yake, ya Firmin, kile kisahani cha Julie, yake mwenyewe… tatu… amesahau, hajasahau, huyu hasahau kitu, nimekaa naye miaka minne, ni lini ameniona nimeketi nikala? mama yetu vilevile, anagawa, anasimama mlangoni, anasema nimekula jikoni, kisha anaramba mwiko, na tukamwita mama mwema, na Bibiane jana, Firmin alipomuuliza, alisema nini? "Nimekula jikoni," kwa sauti yangu kabisa, nami nikakasirika, mwongo huyu… ugonjwa sikuuleta mimi, Mama Albertine amesema hakuna wa kulaumiwa, najua, lakini ninamwambia kaa, kula, usiogope, na mimi mwenyewe nimesimama… "Yaya, iko na mabonge mingi." "Ninaona." "Weye utakula?" na neno limeshafika kwenye ulimi, lile lile la jikoni, nimezoea kulisema kama amina, nikalimeza, "Ongeza sahani moja, ya miye," akanigeukia, akaurudia mwiko, polepole vilevile, bonge liko palepale, mkaa unakwisha, na mimi nina njaa, tangu lini nina njaa hivi.