Minyoo Chini ya Boti

Fundi Mansuetus hakuwa mtu wa kushangaashangaa. Lakini siku ile, pale Mbamba Bay, alipiga magoti mbele ya beseni la kufulia kama mtoto wa komunyo ya kwanza, we acha tu.

Kisa ni boti. Boti la mbao, kuukuu lakini zima, alilolitamani miaka kumi na moja hadi akalipata kwenye bandari moja ya baharini. Lilipakiwa kwenye lori la makaa ya mawe lililokuwa likirudi tupu mgodini Ngaka, kisha likateremshwa milima ya Mbinga mpaka ziwani. Chini yake kulijaa vijibomba vyeupe vilivyosokotana, vigumu kama saruji. Mansuetus hakuvijali. Yeye alijali mbao, maana boti la mbao likikauka linapasuka, na likipasuka ni kuni. Kwa hiyo njia nzima alilifunika magunia mabichi, akiyamwagia maji asubuhi na jioni, na hata ufukweni hakuacha.

Lilikuwa lishushwe majini Jumamosi. Alhamisi akaja Asnath, afisa uvuvi, mzaliwa wa Lindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea kibali?"

Asnath aliinama chini ya boti, akabandua kipande cha vile vijibomba, akakitia kwenye beseni la maji yenye chumvi kidogo. Wakasubiri. Mansuetus akaanza kunung'unika kwamba siku hizi serikali inapika mawe.

Ndipo kijibomba kimoja kikatoa kishungi cha vinyoya, chembamba kuliko uzi. Kikafuata kingine, mara beseni zima likachanua, jekundu na kijani, likipepea pasipo upepo. Mansuetus alipopitisha kivuli cha mkono, vyote vilijificha kwa pamoja. Alipouondoa, vikarudi.

"Ni minyoo," Asnath alisema. "Kwetu wanaishi bandarini, kwenye mafuta na uchafu, samaki wanakokimbia. Hawa wanavumilia hata maji yasiyo na chumvi."

"Na wamefikaje hai?"

"Ukavu ungewaua, baba. Magunia yako yamewalea."

"Nitawakwangua," Mansuetus alisema.

"Wamo mpaka kwenye viungo vya mbao, na mayai yao huyaoni. Wakiingia ziwani watafunika mawe samaki wanakozalia, na hakuna atakayewatoa. Lianikwe juani miezi miwili."

Miezi miwili ya jua, boti limekwisha. Wote wawili walijua. Mansuetus alimchukia binti wa watu kwa muda. Kisha akatazama ziwa, maji meupe hadi chini, vituwi, wale samaki wadogo wa rangi, wakidonoadonoa mawe, akaenda kulivua boti lake magunia, moja baada ya jingine.

Saa nane mchana ubao wa kwanza ulilia. Aliusikia, akajua ni upi.

Alirudi kwenye beseni. Minyoo walikuwa bado wanapepea. Akawaomba radhi kwa Kimpoto, lugha ya mama yake, akalibeba beseni mbali na maji, akalimwaga kwenye mchanga wa moto. Hakuondoka mpaka kishungi cha mwisho kilipotulia.